Kutoka kwa babu hadi kwa mfalme: mwongozo kamili wa kutafiti nasaba ya ukoo wa kitemi wa Ayalandi

Sebuleni kwa baba mkwe wangu, kaunti ya Roscommon magharibi mwa Ayalandi, palitundikwa shajara ya nasaba iliyochapwa kwa wino wa dhahabu. Juu kabisa alikaa mfalme wa Connacht, jimbo la magharibi, chini kabisa babu yake baba mkwe, na pembeni ngao ya akina O'Conor yenye mti wa mwaloni. Aliinunua zamani kwa mtu aliyejitangaza kuwa bingwa wa koo. Siku binti yangu aliponiuliza kama ni kweli yeye ni wa uzao wa mfalme, niliishusha ile fremu nikaanza kuhesabu. Kati ya mtu aliyefariki 1652 na babu aliyezaliwa 1844 palikuwa na majina mawili tu. Watu wawili wamebebeshwa karibu miaka mia mbili!

Tangu siku ile nimelishika jambo moja, na mwongozo huu wote umesimama juu yake. Nasaba za koo kubwa za Ayalandi zina nuru kwenye ncha zote mbili. Kuanzia miaka ya 1820 kuja leo kuna vitabu vya ubatizo, vyeti na sensa. Kabla ya 1600 kuna tarihi, yaani kumbukumbu za matukio mwaka kwa mwaka, na vitabu vya nasaba, kazi ya wanazuoni waliolishwa na watemi wenyewe. Giza liko katikati, kati ya 1600 na 1820, na humo ndimo uongo unamopenyezwa. Anayekuuzia nasaba atakuonyesha ncha mbili zinazong'aa, nawe utasahau kuuliza kuhusu daraja.

Nitatumia ukoo wa O'Conor wa Connacht kama mfano, kwa kuwa ndio niliohangaika nao. Njia ni ileile kwa O'Neill, O'Brien, MacCarthy, O'Donnell au Maguire.

Jua kwanza unatafuta nini

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, familia yangu inatokana na ukoo huu? La pili: kupitia tawi lipi? La tatu: je, kuna mwenye haki ya cheo? Maswali mawili ya kwanza ni ya utafiti. La tatu limezikwa na wakati, na ni vizuri uelewe kwa nini kabla hujatoa hata shilingi moja.

Watemi wa Kigaeli, yaani Waayalandi wa asili, hawakurithiana kwa mzaliwa wa kwanza. Walioweza kuchaguliwa walikuwa wanaume wa derbfine, yaani wote waliotokana kwa upande wa kiume na baba mmoja wa babu. Ndugu, mtoto wa kiume wa kaka au binamu aliweza kumpita mtoto wa mtemi, na mara nyingi alimpita kwa upanga. Mwaka 1541 Henry VIII alitangazwa mfalme wa Ayalandi, na watemi wakaanza kushawishiwa wasalimishe ardhi zao ili warudishiwe kwa hati ya mfalme pamoja na cheo cha Kiingereza kinachopita kwa mtoto wa kwanza. Conn Bacach O'Neill akawa Earl wa Tyrone mwaka 1542, Murrough O'Brien akawa Earl wa Thomond mwaka 1543. Kuanzia hapo kanuni mbili za urithi ziligongana, na mtu anaweza kuwa mrithi kwa moja na asiwe kwa nyingine.

Katika karne ya 20 ofisi ya nasaba ya Dublin ilikuwa ikiwatambua wakuu wa koo kwa heshima tu, ikifuata mzaliwa wa kwanza. Mwaka 1992 ilimtambua mtu mmoja wa Belfast kuwa MacCarthy Mór, mkuu wa ukoo wa wafalme wa Desmond. Akawa anagawa vyeo na kupokea wageni kama mwana wa mfalme. Wachunguzi walipofuata nyaraka za kawaida za familia yake, hazikuungana na shajara aliyoiwasilisha. Utambuzi ukafutwa mwaka 1999, na mwaka 2003 serikali ikaachana kabisa na desturi ya kuwatambua wakuu wa koo. Katiba ya Ayalandi yenyewe inakataza dola kutoa vyeo vya utukufu. Kwa hiyo anayekuahidi cheo anakuuzia upepo. Jiwekee swali la kwanza na la pili, yanatosha kazi ya miaka.

Jambo jingine la awali ni jina lenyewe. Ó maana yake ni mjukuu au uzao wa fulani, Mac ni mwana wa fulani. Sisi tuliozoea "bin" hatupati shida hapo. Shida ni kwamba akina Conchobhar, jina lililozaa O'Conor na O'Connor, walikuwa wengi, na kila mmoja aliacha uzao. Kuna O'Connor wa Connacht, wa Kerry, wa Offaly, wa Corcomroe huko Clare, na wa Keenaght huko Derry, na hawa si ukoo mmoja. Mtu wa Kerry anayejitundikia mti wa mwaloni wa Connacht ameazima babu wa watu.

Anza na walio hai, kisha panda

Panda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Usishuke kamwe kutoka kwa mfalme. Anayeshuka ana matawi mia ya kuchagua, na moyo wake utamchagulia linalompendeza. Anayepanda kila hatua ana baba mmoja tu wa kumtafuta.

Kaa na wazee, rekodi sauti, uliza kwa subira. Usiulize "sisi ni wa ukoo wa kifalme?" Uliza: Bibi alizaliwa wapi? Alibatizwa kanisa gani? Nani walikuwa wadhamini? Shamba liliitwaje? Nani alihamia Marekani, na barua zake ziko wapi? Mama mkwe wangu alinitolea kopo la biskuti lililokuwa na kadi za maziko tangu miaka ya 1920, kila moja ina jina, tarehe ya kifo na kitongoji. Kopo lile lilinipa zaidi ya ile fremu ya dhahabu.

Neno kitongoji lishike sana. Ayalandi imegawanywa kwa kaunti, tarafa za kale, parokia, na mwisho vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vyenye kaya tatu au nne tu. Bila kitongoji, "Patrick Connor wa Roscommon" ni watu mia. Ukiwa na kitongoji unaweza kubaki na mmoja. Tovuti ya serikali ya logainm.ie inakupa tahajia zote za jina la mahali, za Kiayalandi na za Kiingereza, na tahajia za zamani zinavyobadilika utashangaa.

Vyeti, ubatizo na sensa

Ndoa za wasio Wakatoliki ziliandikishwa serikalini kuanzia 1845. Uzazi, vifo na ndoa za watu wote kuanzia 1864. Picha za kurasa zenyewe zinapatikana bure kwenye irishgenealogy.ie kwa uzazi uliopita miaka 100, ndoa miaka 75 na vifo miaka 50. Fungua picha, usiridhike na orodha iliyopigwa chapa. Wazazi walitozwa faini kwa kuchelewa kuandikisha mtoto, kwa hiyo wengine walisogeza tarehe mbele. Ndiyo maana utakuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa". Hapo shika kitabu cha kanisa.

Vitabu vya parokia za Kikatoliki vimewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi tangu 2015, na kwa kawaida vinafika mwaka 1880. Mijini vingine vinaanza karne ya 18. Magharibi vingi vinaanza miaka ya 1820 au baadaye. Vimeandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu mtu mmoja ana majina matatu. Aodh ni Hugh. Cathal ni Charles, kanisani Carolus. Toirdhealbhach ni Turlough au Terence. Ruaidhrí ni Roger, Feidhlim ni Felix, Eoghan ni Owen au Eugene, Tadhg ni Thady, Timothy au Thaddeus. Usiposhika jedwali hili kichwani utawagawa watu ambao ni mmoja, au utapita mbele ya babu yako bila kumsalimia. Uzuri ni kwamba mama huandikwa kwa jina la kwao, na wadhamini mara nyingi ni shangazi na wajomba. Andika wadhamini wote. Babu akikataa kujitokeza, ndugu zake watakuonyesha nyumba.

Sensa za 1901 na 1911 ziko bure mtandaoni. Linganisha umri kwa uangalifu. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na ghafla kati ya sensa mbili watu wengi wakazeeka miaka kumi na tano ndani ya kumi. Pensheni hiyo hiyo imetuachia zawadi: waliokosa ushahidi wa umri waliomba maofisa watafute majina yao utotoni katika sensa za 1841 na 1851. Sensa zenyewe ziliteketea karibu zote, lakini fomu za maombi hayo zimebaki katika Nyaraka za Taifa huko Dublin, na baadhi zinataja wazazi na ndugu wa nyumba nzima. Kwa kaunti sita za kaskazini, hifadhi ya kwenda ni ile ya Belfast, iitwayo PRONI.

Ardhi inakumbuka

Kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith alisimamia tathmini ya kila shamba na nyumba Ayalandi nzima: nani anapanga, anampangia nani, ukubwa gani, ramani namba ngapi. Vitabu vya marekebisho vilivyofuata vinaonyesha jina likifutwa na lingine kuandikwa juu yake, kwa kawaida mtoto akimrithi baba. Mfuatano huo wa wapangaji wa kiwanja kimoja ni ushahidi mzuri sana, hasa cheti cha kifo kikiangukia karibu na mwaka uleule.

Kabla ya Griffith kuna vitabu vya zaka, 1823 hadi 1837, vilivyoorodhesha wakulima waliotozwa kwa ajili ya kanisa la Kianglikana. Vinataja mkuu wa kaya tu, na mjini havikugusa. Familia nyingi hufika hapo zikasimama. Kusimama hapo si aibu.

Giza la katikati

Tarehe 30 Juni 1922, siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuungua. Zilikwenda sensa za 1821 hadi 1851 isipokuwa vipande, wosia karibu zote, kumbukumbu za mahakama tangu zama za kati, na mamia ya vitabu vya parokia za Kianglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeziharibu mapema, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vitabu vya Kikatoliki vilisalimika kwa sababu havikuwahi kupelekwa pale.

Wauza nasaba wanapenda kusema "yote yaliungua", maana moto unafunika kila swali. Si kweli. Chuo cha Trinity pamoja na wenzake walizindua hazina pepe ya nyaraka hizo mwaka 2022, nakala na muhtasari uliokusanywa kutoka hifadhi za nchi nyingi, na kutafuta humo ni bure. Zaidi ya hapo, fuata hivi:

Masijala ya Hati ya Dublin ilianza 1708, na haikuungua. Ina muhtasari wa mauzo, mikataba ya upangaji na ya ndoa. Mkataba wa ndoa ni dhahabu halisi: unataja baba wa bwana harusi, baba wa bibi harusi, ndugu na ardhi. Picha za filamu zake zinaonekana bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Sheria za adhabu ziliwabana Wakatoliki wasinunue ardhi wala kupanga kwa muda mrefu, kwa hiyo ukoo wa Kigaeli huenda umejificha nyuma ya jirani Mprotestanti aliyeshika hati kwa niaba yao. Soma pia majina ya mashahidi.

Wosia zilizoungua hazikupotea zote kimaana. Sir William Betham, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya ngao katika karne ya 19, alinakili habari za kifamilia kutoka wosia za mahakama kuu ya kanisa hadi mwaka 1800. Daftari zake zipo. Ofisi hiyo, iliyoanzishwa 1552, ina pia kumbukumbu za mazishi ya wakubwa, zilizoandika mke, watoto na wakwe wakati maiti bado haijapoa. Hakuna ushahidi mzuri kuliko ule ulioandikwa siku yenyewe na mtu asiyejua kwamba utatafutwa.

Waliobadili dini ili wahifadhi ardhi wako kwenye orodha za waongofu, 1703 hadi 1838. Walionyang'anywa ardhi na Cromwell, jemadari wa Kiingereza, wako kwenye Down Survey, upimaji wa ardhi wa 1656 hadi 1658, na vitabu vya ugawaji vinavyoonyesha mwenye shamba wa 1641 na aliyepewa baadaye. Maelfu ya ushahidi wa vurugu za 1641 umewekwa mtandaoni na Trinity. Na kwa karne ya 16 kuna maagizo ya msamaha ya wafalme wa Tudor: orodha ndefu za watu waliosamehewa, kila mmoja na jina la baba na wakati mwingine la babu. Asili iliungua, lakini muhtasari wake ulikuwa umeshachapwa.

Kuna pia vito vya mahali maalumu. Kwa Roscommon na jirani zake, askofu Edward Synge wa Elphin aliamuru sensa mwaka 1749: mkuu wa kaya, dini, kazi, watoto, watumishi, kitongoji kwa kitongoji. Nilipofungua kitongoji cha baba mkwe nikakuta kaya tatu za Connor, zote za Kikatoliki, wawili vibarua na mmoja mfumaji. Nilikaa kimya muda mrefu. Mmoja wao yawezekana sana ni wetu. Yupi, siwezi kusema, na kwa hiyo sijamwandika.

Waliokimbilia ng'ambo wana njia yao. Watemi wa Ulster, jimbo la kaskazini, waliondoka bandari ya Rathmullan Septemba 1607, na baada ya Mkataba wa Limerick wa 1691 maelfu ya askari walikwenda Ufaransa, kisha Uhispania na Austria. Huko, mtu aliyetaka kuingia shirika la kijeshi kama Santiago alilazimika kuthibitisha utukufu wa mababu, na mafaili hayo yako Madrid katika hifadhi ya taifa ya historia. Yasome kwa macho mawili. Mashahidi wake walikuwa marafiki zake wa uhamishoni, na afisa maskini mbali na kwao ana kila sababu ya kurefusha shajara. Wazazi na babu waliotajwa humo kwa kawaida ni wa kuaminika. Wa mbali zaidi wahitaji shahidi mwingine.

Tarihi na vitabu vya nasaba

Ukishavuka daraja, au unapotaka kukagua upande wa juu wa shajara uliyoletewa, ingia kwenye tarihi. Tarihi za Connacht zinakwenda 1224 hadi 1544, za Loch Cé 1014 hadi 1590, na mkusanyo wa Mícheál Ó Cléirigh na wenzake, maarufu kama Tarihi za Wanazuoni Wanne, uliandikwa 1632 hadi 1636. Chuo Kikuu cha Cork kimeziweka mtandaoni bure kwa Kiayalandi na tafsiri ya Kiingereza, katika mradi uitwao CELT.

Tazama kwa karibu mfano mmoja. Mwaka 1274 tarihi zinasimulia kuuawa kwa Eoghan mwana wa Ruaidhrí mwana wa Aodh mwana wa Cathal Crobhdhearg. Alitawala miezi mitatu tu, na nduguze walimuua ndani ya kanisa la Wadominikani mjini Roscommon. Sentensi moja imetupa vizazi vinne, na haikuandikwa kumsifu mtu. Iliandikwa kulilia aibu. Sasa panga: Toirdhealbhach Mór alifariki 1156. Mwanawe Cathal Crobhdhearg, 1224. Aodh, 1228, aliyepigwa shoka na seremala aliyeona wivu juu ya mkewe. Ruaidhrí. Eoghan, 1274. Aodh, 1309. Toirdhealbhach, aliyechomwa mshale 1345. Aodh, 1356. Toirdhealbhach Óg, 1406. Hatua nane katika miaka 250, wastani wa miaka 31 kwa kizazi. Huo ni mwendo wa binadamu. Baba aliyekufa 1224 na mwana 1228 wasikutishe, kwa kuwa mmoja alikufa mzee katika joho la kitawa na mwingine aliuawa. Wastani upime kwa vizazi vingi, si kwa viwili. Ukipata wastani wa miaka 60, kama kwenye fremu ya baba mkwe, kuna watu wamerukwa au wamebuniwa.

Na jihadhari na majina pacha. Mwaka 1384 mfalme wa Connacht alipokufa kwa tauni, walitawazwa wawili kwa mpigo, mabinamu, na wote wawili waliitwa Toirdhealbhach. Watu waliwatofautisha kwa rangi: mmoja Donn, wa kahawia, mwingine Ruadh, mwekundu. Ndipo ukoo ulipogawanyika kuwa O'Conor Don na O'Conor Roe. Anayeruka kutoka tawi moja hadi jingine kwa sababu jina limefanana ameharibu kila kitu kilicho chini yake.

Vitabu vya nasaba vyenyewe ni vya kale: muswada wa Oxford uitwao Rawlinson B 502 ni wa takriban 1130, kitabu cha Lecan ni wa mwanzo wa karne ya 15, na Dubhaltach Mac Fhirbhisigh alikusanya kitabu chake kikubwa cha nasaba mjini Galway karibu mwaka 1650, kikahaririwa na Nollaig Ó Muraíle na kutolewa 2003 na 2004. Ni hazina, lakini zilitungwa pia kuhalalisha watawala. Ukoo mdogo ulioingia chini ya mkubwa uliweza kupachikwa tawini mwake. Na mstari unaopanda hadi kwa Míl wa Uhispania, kisha hadi kwa Nuhu, ni fasihi tukufu. Isome kwa furaha na usiihesabu kuwa ushahidi. Kwa watu wa kabla ya karne ya 6, weka kalamu chini.

Kagua sanadi

Kukagua sanadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, ndiyo roho ya kazi. Wanazuoni wetu wa hadithi hawaulizi tu nini kimesemwa. Wanauliza nani kamsikia nani, waliishi zama moja, na msimulizi anaaminika? Fanya hivyohivyo kwa kila kiungo. Chukua mzazi na mtoto, uliza: chanzo ni kipi, kiliandikwa lini, na mwandishi alijuaje?

Utagundua kwamba "vyanzo kumi" mara nyingi ni kimoja. Miti mingi ya mtandaoni imemnakili John O'Hart, mwandishi wa nasaba wa karne ya 19. O'Hart aliegemea muswada wa Roger O'Ferrall wa mwaka 1709. Kwa hiyo miti elfu moja ya mtandaoni ni shahidi mmoja, aliyeandika 1709 kuhusu watu ambao wengi hakuwaona. Vitabu vya Burke vya koo za wenye ardhi navyo vilijazwa na maelezo ya familia zenyewe. Tumia vitabu hivi kama ramani ya mahali pa kuchimba.

Kiungo nakikubali kikiwa na mashahidi wawili wasiotegemeana, au mmoja wa zama zilezile asiye na faida ya kudanganya. Nikikuta kinachopingana sikifichi, naeleza kwa nini nimekipima hivyo. Kumbuka pia kalenda: kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1740 ya hati ni Februari 1741 yetu. Nimeona mtu akimfanya mtoto azaliwe kabla ya harusi ya wazazi kwa kosa hilo tu.

Vinasaba

Kromosomu Y hupita kutoka baba hadi mwana, kama jina la ukoo, kwa hiyo ndiyo ya kupima. Chagua kipimo kinachoisoma kromosomu hiyo kwa upana, si alama chache. Mwaka 2006 watafiti wa Trinity walionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanaume watano wa kaskazini-magharibi mwa Ayalandi ana alama moja ya pamoja, na magazeti yakawaita wote uzao wa mfalme wa kale, Niall wa Mateka Tisa. Baadaye ilionekana kwamba alama hiyo, iitwayo M222, ni ya zamani kuliko Niall mwenyewe. Kuwa nayo hakukufanyi mwana wa mfalme; kunakuweka kwenye mamilioni. Kinyume chake, L226 imekaa vizuri kwa O'Brien na koo nyingine za Dál gCais, kwa hiyo O'Brien wa Clare anaweza kupata jambo la maana.

Vinasaba vinakataa vizuri kuliko vinavyothibitisha. Kama watu wawili wenye nyaraka nzuri hawalingani, kuna mahali mtoto alilelewa, alichukua jina la mama au la mwenye shamba, au ndoa ilikuwa na siri. Hapo unagusa maisha ya watu walio hai. Kabla hujampima mzee yeyote, kaa naye mwambie waziwazi kinachoweza kutokea, na umuache aseme hapana.

Kuandika ulichopata

Andika kila kiungo peke yake: mtoto, mzazi, ushahidi, hukumu. Mimi natumia madaraja matatu: thabiti, inaelekea, na dhana. Dhana haiingii kwenye mti. Inakaa kwenye daftari la pembeni ikisubiri hati. Weka picha ya ukurasa wenyewe, namba ya kitabu na siku uliyoiona.

Shajara yetu mpya tumeichapa kwa wino mweusi. Inapanda vizazi sita, kila kiungo na hati yake, na inaishia kwa mkulima aliyeandikwa kwenye kitabu cha zaka mwaka 1825. Juu yake pako wazi. Nilimpelekea baba mkwe nikiogopa atavunjika moyo. Alivaa miwani, akafuata mstari kwa kidole hadi juu, akakitia kidole palipo wazi. Kisha akaniomba nimpeleke kwenye kile kitongoji akaone msingi wa nyumba.